Chifu wa Majitu Alivyohamia Mbugani

Chifu wa majitu alikuwa akiishi ndani ya simu yangu. Baadaye babu akaja kuishi sebuleni kwetu, na ikapita miezi nikishindwa kusema nani ni nani.

Nimemkumbuka tena juzi. Sasa niko kidato cha tano, shule ya bweni huku juu kwenye baridi, mahali ambapo maji ya kuoga yanakupokea kwa kofi. Mwenzangu wa kitanda cha chini alikuwa anasoma katuni ile ile kwenye simu anayoificha ndani ya soksi, akawa anacheka peke yake. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema chifu amechoma mji. Nikamwambia huyo chifu namjua, amewahi kukaa kwetu Mbugani, mtaa wa mjini Kyela, alikuwa na kidonda mguuni. Akanitazama kama vile nimekunywa mafuta ya taa. Nikaona bora niandike, maana kumweleza kwa mdomo ningemaliza mafuta ya taa yote.

Katuni zenyewe ni zile za Kijapani, za kusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Tulipokuwa kidato cha nne tulikuwa tunarushiana hizo badala ya kurushiana maswali ya fizikia. Na huyo chifu ni jitu hasa. Mawingu yanamfika kiunoni. Ndani ya ndevu zake ndege wamejenga, wamezaa, na wajukuu wa ndege hao hawajawahi kuona mti. Anatembea na mchi wa jiwe begani, na hasira zake hazina ratiba. Mtu akipiga chafya ng'ambo ya bonde, kilima kinaondoka. Halafu, na hapa ndipo nilipompendea, hasira ikiisha anakaa chini, analia, anaokota mawe ya kile kilima na kukijenga upya. Anakijenga vibaya. Nchi yake nzima imejaa vilima vilivyopinda.

Huyo ndiye wa simuni. Wa sebuleni alikuwa baba yake baba, mkulima wa mpunga na kokoa kutoka Ipinda, mtu wa kuinama kila mlango kana kwamba anaingia banda la kuku. Sauti yake ilikuwa inasikika kabla yeye hajafika, kama mvua inayotokea milimani. Huko kijijini hadithi yake maarufu ni ya baiskeli. Ilimwangusha mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani. Akainuka, akajipangusa, akakata fimbo, akaichapa ile baiskeli, tandiko na matairi, huku akiiuliza kama imesikia. Jioni wakamkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba anaipaka mnyororo mafuta kwa unyoya wa kuku, taratibu sana, kama anayemwomba mtu radhi.

Unaona sasa kwa nini nilikuwa nachanganya.

Babu hakuja mjini kwa kupenda. Ana kisukari, na kidole cha mguu kilikuwa kimechomwa na kisiki shambani, kidonda kikagoma kupona, kikawa kinasogea. Bibi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kule Ipinda alikuwa akijitibu mwenyewe kwa majani na kwa matusi. Baba akaenda kumchukua. Muuguzi hospitalini akatuambia wazi: kidonda kisafishwe kila siku, kifungwe vizuri, la sivyo mguu utakatwa. Akanifundisha mimi namna ya kukisafisha kwa maji ya chumvi, akanipa na glavu za akiba, kwa sababu baba anafanya kazi ya mizigo kule mpakani Kasumulu na nyumbani huonekana Jumapili tu, mdogo wangu wa kike yuko shule ya msingi na akiona damu ya kuku anazimia, na mama, kwa mila yetu, haruhusiwi hata kumwona babu, sembuse mguu wake.

Hapo wenzangu wa huku bwenini huwa wananiuliza mara mbili. Ndiyo, haruhusiwi kumwona. Kwetu Unyakyusa mkamwana, yaani mke wa mtoto, hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hataji jina lake, hakai alipo, na wakikutana njiani mwanamke anaingia vichakani mpaka mzee apite. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, na wengine wanakula meza moja wakipitishiana chumvi. Babu hakuwa mtu wa kulegeza. Mama naye ni Mkisi wa ziwani, binti wa wafinyanzi wa vyungu, aliyeolewa kwa wakulima, na tangu siku ya kwanza aliamua kwamba hakuna mtu atakayesema Mkisi hakulelewa. Kwa hiyo alikuwa ameishi kwenye ndoa kwa umri wangu na zaidi bila kuijua sura ya babu. Alikuwa anamjua kwa kikohozi.

Sasa mchukue mwanamke huyo na mzee huyo, uwaweke kwenye nyumba yenye sebule, vyumba viwili na jiko la uani linaloungana na sebule kwa mlango usio na mlango, pazia tu. Zile siku za mwanzo nyumba yetu ilikuwa kama mpaka wa nchi mbili. Mama alikuwa anapita mlango wa nyuma. Babu alikuwa anapita wa mbele. Choo kilikuwa kimoja, na hapo ndipo mdogo wangu alipopata kazi ya utrafiki. Babu akishika fimbo yake tu, mtoto anatoka mbio hadi uani: "Gari kubwa linapita." Mama anaacha kila kitu, anaingia nyuma ya migomba. Babu anapita anakohoa kikohozi cha kutoa taarifa. Anarudi anakohoa kingine. Mama anatoka migombani, anakuta mbalaga, ndizi zetu za kupika, zimeungua. Tulikula mbalaga za kuungua hadi tukazipenda.

Mimi nilikuwa nasafisha kidonda nikirudi shule. Nitasema ukweli, sijawahi kuogopa mtihani kama nilivyokuwa naogopa ule mguu. Ulikuwa mkubwa kama mtumbwi, na mwenye mguu akisikia maumivu alikuwa ananguruma mpaka bati linajibu. Siku moja nilivuta bandeji iliyokuwa imegandia, beseni la maji ya chumvi likaniishia kichwani. Baada ya muda babu akaniita, akanipa kitambaa chake mwenyewe nijifute, akasema maji yale yalikuwa ya moto mno, kosa ni la beseni.

Ili nisiloweshwe tena nikaanza kumsomea katuni. Simu inakaa juu ya stuli, macho yangu yako kwenye picha, mikono iko kidondani, mdomo unatafsiri. Nilikuwa natafsiri kama wale jamaa wa kwenye vibanda vya video, yaani pale Kiingereza kinaponishinda natia changu.

"Huyo malafyale wako," babu alisema siku ya kwanza. Malafyale ndiyo chifu kwetu. "Watu wake wanalima nini?"

Nikaangalia picha. Majitu yalikuwa yanapigana, hakuna hata moja lenye jembe. "Mpunga," nikasema.

"Wa kumwagilia au wa mvua?"

"Wa mvua."

"Basi ana haki ya kuwa na hasira. Endelea."

Tukaendelea. Ikawa kila siku nikiingia na begi langu mgongoni nakuta ameshaukunja mguu wa suruali, anangoja, anajifanya anasikiliza redio. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Kusoma kuanzia kulia alikusifu, akasema ndiyo maana wale watu wana akili, wanaanza kwa kujua mwisho. Ndege wa ndevuni aliwahurumia. Chifu alipokula peke yake, sahani kubwa kama uwanja wa mpira na watu wamesimama wanamtazama, babu alikasirika kabisa. "Malafyale gani anakula peke yake? Huyo si malafyale, huyo ni mgonjwa." Na chifu alipokijenga kile kilima upya kikapinda, babu aliniambia nirudi nyuma nimsomee tena hapo.

Nilikuwa nasikia pia kwamba nikianza kusoma, nyuma ya pazia mwiko unaacha kugonga sufuria.

Basi mimi ni mtu wa kujaribu mambo. Nikaona, kama babu anamheshimu chifu kuliko anavyomheshimu muuguzi, kwa nini chifu asimfundishe uvumilivu? Siku hiyo kwenye simu chifu alikuwa anang'oa nanga za meli. Nikasoma kwamba amekanyaga kigingi cha chuma, kimemwingia unyayoni.

"Kigingi cha nini?" babu akauliza.

"Cha kufungia meli."

"Meli inafungwa kwenye kigingi? Mimi Itungi nimepanda meli zikienda kusini huko, wewe hujazaliwa, baba yako hajazaliwa. Nimeona zinavyofungwa."

"Za kwao zinafungwa hivyo, babu."

"Hm. Na nani anamsafisha hicho kidonda?"

"Mjukuu wake."

"Ana adabu huyo mjukuu?"

"Sana."

"Basi siyo wewe." Lakini mguu aliuacha palepale, na nilipovuta bandeji alinguruma kidogo tu, kwa heshima ya chifu.

Kuanzia hapo chifu wa simu na chifu wangu wakaachana njia. Wa simu alikuwa anavunja visiwa. Wa kwangu alikuwa amekaa kwenye jiwe, mguu ndani ya bonde lililojazwa maji ya chumvi, analalamika kuhusu sukari kwenye chai. Na kidonda cha babu kikaanza kubadilika rangi, kikawa chekundu kizuri kama nyama ya bucha ya asubuhi, na muuguzi akanisifu. Sikumweleza mbinu.

Halafu shule ikatangaza kambi. Kidato cha nne wote tulale shuleni mpaka mtihani wa taifa, kurudi nyumbani ni kwa ruhusa tu. Nilileta habari hiyo sebuleni kwa kuizungushazungusha, babu akaimaliza kwa neno moja.

"Nani?"

Yaani nani atamsafisha. Mdogo wangu alitazama sakafu. Mama hakutajwa, kama ambavyo ukitafuta mtu wa kukusafishia kidonda huutaji mlima Rungwe.

"Baba yako akija Jumapili anirudishe Ipinda," babu akasema. "Nimekaa vya kutosha. Mkamwana wangu anajificha nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi wa kuku, anaishi kwenye migomba kwa sababu yangu. Mtu mzima hawezi kufurahia chai ya namna hiyo."

"Na mguu, babu?"

"Mguu nilizaliwa nao. Tutaelewana."

Nilipotoka uani nilimkuta mama ameshika mwiko, ugali umenyamaza jikoni, moto umezimika na hajaona.

"Muuguzi alisema kikiachwa itakuwaje?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Watakata."

"Wakate wapi?"

Nikamwonyesha kwenye mguu wangu, chini ya goti. Mama akapatazama pale muda mrefu, kama fundi anayetazama ufa kwenye chungu kabla hakijaingia motoni. Kisha akaanza kupuliza moto.

Nilikwenda kambini nikiwa na hakika nimemwona babu kwa mara ya mwisho akiwa na miguu miwili. Kule tulikuwa tunalala darasani, madawati yamesukumwa ukutani, na joto la Kyela la kungoja mvua unalijua, unalala kama samaki juu ya wavu. Wenzangu waliniambia niwasimulie chifu. Nilianza, nikashindwa. Kila nilipofika kwenye kigingi nilikuwa naona ule mtumbwi umelala peke yake Ipinda, inzi ndio abiria.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikapewa ruhusa kwenda kuchukua mchele. Niliingia kwa nyuma, kwa mazoea, na nikasimama kwenye migomba kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti ya mama inasimulia. Mama siyo msimuliaji. Mama ni mtu wa "kula" na "lala".

Nikasogea. Chini ya pazia la jikoni ulikuwa umetokeza mguu.

Mguu tu. Umelazwa kwenye jani la mgomba juu ya stuli fupi, na pazia limeshushwa mpaka kwenye ugoko na kuzungushiwa kanga, kiasi kwamba upande wa huku hakuna babu kabisa, kuna unyayo unaojitegemea. Mama amekaa kwenye kigoda, amevaa glavu za hospitali, ameugeuza uso pembeni kidogo kama mtu anayekata vitunguu. Mdogo wangu amekaa katikati ya mlango ameshika ncha ya pazia, refa wa mchezo, macho ameyafumba kwa ajili ya damu.

"Basi chifu akafika ziwani," mama alikuwa anasema. "Kiu imemkamata. Watu wa ufukweni wakampa maji kwenye chungu, akakishika, kikavunjika. Wakampa kingine, kikavunjika. Chifu akasema, nyie watu mnafinyanga nini, biskuti?"

Kutoka upande wa pili wa pazia: "Gwe, mjukuu. Muulize huyo anayesimulia, udongo ulikuwa wa wapi?"

"Mama, babu anauliza udongo..."

"Sijaulizwa mimi," mama akasema, anaufuta unyayo. "Mimi nasema na mguu. Mguu wangu, udongo ulikuwa wa kwetu, wa ziwani, udongo mzuri. Mikono ya chifu ndiyo ilikuwa haijui. Alikuwa anashika kila kitu kama kinataka kumtoroka."

Mama akashika ncha ya bandeji ya ndani, ile inayogandia, ile yangu ya beseni. Vidole vya mguu vikajikunja. Nikasikia kule babu anavuta pumzi, ile pumzi naijua, nikainua mkono kujikinga kichwa ingawa nilikuwa uani.

"Hapo chifu akavuta pumzi ili angurume," mama akasema upesi, huku anavuta. "Lakini akakumbuka akinguruma, ndege wote ndevuni watadondosha mayai yao."

Bandeji ikatoka. Mguu ulikuwa unatetemeka wote, mpaka jani la mgomba likawa linatoa sauti. Upande wa pili hakuna aliyenguruma. Baada ya muda ikaja sauti nyembamba, sikujua kama babu anayo: "Mayai mangapi?"

"Mengi," mama akasema. "Ilikuwa msimu."

Mdogo wangu ndiye aliyenieleza baadaye, tukiwa tunapima mchele. Jumapili ile baba alikuja na bajaji ya kukodi, mizigo ya babu imeshafungwa, babu mwenyewe ameshavaa koti. Ndipo mama akaongea kutoka jikoni, akimtumia yeye: mwambie babu yako bajaji itangoja. Chifu ameachwa na kigingi mguuni. Anaondokaje hajajua kama kilitoka?

Babu akasimama mlangoni na koti lake. Akasema kigingi atakijua siku nyingine.

Mama akasema, mwambie mimi nilikuwa nasikia yote, najua kilipofika. Kama ataleta mguu hapa chini ya pazia, mguu peke yake, nitauambia. Yeye abaki huko huko na uso wake.

Hapo kukawa na baraza. Babu akasema mguu ni yeye. Baba akasema, mh, akatazama bajaji. Babu akauliza vipi kuhusu kumgusa. Mama akatoa glavu moja chini ya pazia, babu akaichukua, akaivuta, akaipuliza ikawa kama kiwele cha ng'ombe.

"Hii ni ngozi?" akamuuliza mdogo wangu.

"Ni mpira, babu."

"Mpira unatoka wapi?"

"Tumefundishwa unatoka kwenye mti. Ni maji ya mti."

Babu akafikiri sana. Mwenye bajaji alishauliza mara mbili kama wanaondoka. "Maji ya mti hayana ukoo," babu akasema mwishowe, akavua koti.

Mpaka leo nikisikia watu wanabishana mambo ya mila na wakati, nakumbuka ile hukumu, na naona wazee wetu wanaijua njia ya kupita ila wanataka kwanza waulizwe vizuri.

Jumamosi ile ya mchele sikuondoka mapema kama nilivyopaswa. Nilikaa kwenye migomba nikasikiliza mpaka mwisho. Chifu wa mama hakuwa wa Kijapani tena wala wa kwangu. Alikuwa na mashamba, alikuwa na marehemu mke aliyekuwa akimtuliza kwa kumtazama tu, na alikuwa na mkamwana aliyekuwa akiishi nyuma ya mlima.

"Chifu alidhani yule mwanamke anajificha kwa kumchukia," mama akasema, anafunga bandeji mpya. "Alidhani anamtesa. Kumbe kule nyuma ya mlima ndiko alikofundishwa kumheshimu mtu. Na alikuwa anasikia kila kitu. Siku aliposikia chifu anataka kuondoka akafe na mguu wake, moto ulimzimikia jikoni na hakuuona."

Akafunga fundo. Mdogo wangu alikuwa amesahau kufumba macho.

Upande wa pili babu alikohoa, siyo kikohozi cha taarifa, kingine. "Gwe, mjukuu," akasema. "Huo mguu wangu umeenda huko umekaa kimya kama haukulelewa. Uambie useme ndaga fijo."

Ndaga fijo ni asante sana. Mdogo wangu akaugeukia mguu, akauambia. Kidole gumba kikainama, kikainuka.

Mtihani ulipokwisha nilirudi nyumbani na simu yangu, nikifikiri nyumba itanipokea kama mfalme wa habari. Nikawaambia naweza sasa kuwasomea kilichotokea kweli. Chifu wa kweli alikuwa amepigwa na kijana mwenye nywele za bluu, akalala bondeni. Babu akasikiliza sentensi mbili.

"Simu yako imedanganywa," akasema. "Chifu yuko ziwani."

"Katikati ya ziwa," mdogo wangu akarekebisha.

Kutoka jikoni hakuna aliyenitetea. Ndiyo nikajua nimepokonywa chifu. Sikusikitika sana, isipokuwa kidogo. Hata sasa, taa za bweni zikizimwa na wenzangu wakianza kukoroma kila mtu kwa kabila lake, kitu ninachokitamani siyo chakula cha nyumbani, ingawa usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, ningeupokea. Natamani kukaa sakafuni upande wa babu, mgongo ukutani, nikimtazama yule mzee mkubwa amefumba macho kwenye kiti, nusu yake iko sebuleni na nusu imeenda jikoni kusikiliza hadithi.

Kidonda kilifunga kabla ya mvua. Nilimpeleka mimi hospitalini kwa bajaji, muuguzi akakibonyeza huku na huku, akasema hakihitaji kusafishwa tena, aendelee na dawa za sukari, avae viatu, asitembee peku shambani. Akamwambia babu huo mguu ni wake sasa. Babu akamjibu ulikuwa wake tangu zamani, ila ulikuwa safarini.

Nilitangaza habari hizo mlangoni. Mama akasema, jikoni, "Mungu ashukuriwe," na ikaishia hapo.

Jioni nikasikia maji yanamiminwa kwenye beseni. Babu akakunja mguu wa suruali. Mdogo wangu akashusha pazia, akaweka kanga, na mguu ukapita chini kama kila siku, unyayo mzima, kovu jipya linang'aa. Mama akavaa glavu. Mimi nikafungua mdomo niseme kwamba muuguzi amesema, mdogo wangu akanipiga kiwiko cha mbavu. Nikaufunga.

Ikawa hivyo kila jioni. Mama anauosha mguu usio na kitu, anaukausha, anaufunga bandeji safi, na chifu anaendelea kuvuka ziwa kwa miguu, maji yanamfika kifuani, amebeba chungu kizima kichwani na ndege wote wamehamia humo. Mvua za kwanza zikanyesha. Ipinda watu walianza kulima, na babu akawa anatazama mawingu kama mtu aliyechelewa basi. Baba akasema atakuja kumchukua Jumapili, na safari hii hakuna aliyebisha.

Jumamosi mama alisimulia kwa muda mrefu kuliko siku zote. Maji ya beseni yalipoa, akaongeza mengine. Chifu aliona milima ya ng'ambo, akaona moshi wa majiko, akaona watu wamesimama ufukweni. Hapo mama akaikatisha hadithi, akachukua bandeji, akaanza kuifungua taratibu.

"Akafika?" babu akauliza.

Hakusema gwe mjukuu. Hakumtuma mtu. Mdogo wangu aliyekuwa ameshafungua mdomo apokee ujumbe akanitazama mimi. Pazia lilikuwa palepale.

Mama hakuutazama mguu. Alilitazama pazia, pale ambapo uso ungekuwa.

"Akafika, baba," akasema. "Akafika salama."

Kisha akauinua ule mguu, akauweka kwenye paja lake, akaufunga bandeji kuanzia vidoleni, safu juu ya safu, akamaliza na mafundo mawili.